Maksai waliokaa tangu Januari: namna ya kuwarudisha kwenye nira kabla ya mvua

Maksai wangu wawili waliitwa Sultani na Dola. Mwaka mmoja walilima kwa mara ya mwisho wiki ya tatu ya Januari, nikawavua nira, nikaitundika ukutani. Kuanzia hapo mpaka Desemba kazi yao ikawa kufuata kundi malishoni na kurudi zizini. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga Chamwino nilishikwa na hofu ya kuachwa na majirani, nikawafunga alfajiri ya siku ya pili yake. Saa 3 asubuhi Dola alianza kuburuta mguu wa nyuma. Saa 4 alilala ndani ya mfereji aliokuwa ameufungua mwenyewe, mapaja yamekaza kama gome la mbuyu, anatetemeka. Jioni alikojoa mkojo wa rangi ya kahawa.

Mzee mmoja jirani alikuwa anapita. Akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akamzunguka yule ng'ombe mara moja tu. "Huyu haumwi, mwanangu," akasema. "Huyu umemwamsha vibaya."

Dola hakufa. Alikaa wiki 5 bila kuvuta hata kijiti, na Sultani peke yake haiwezi plau, kwa hiyo nilimalizia kwa jembe la mkono wakati wenzangu wanapalilia. Ninayoandika hapa ndiyo ninayofanya tangu mwaka ule: kwa maksai zaidi, na kidogo kwa punda na ng'ombe wa kufungwa bandani.

Mnofu unakwenda wapi

Mwili wa mnyama hujenga misuli na kuibomoa kila siku, kama nyumba ya tembe inayokandikwa upande huu huku mvua ikiila upande ule. Kazi ndiyo inayouambia mwili ujenge. Kazi ikikoma, ujenzi hupungua na ubomoaji unaendelea. Nyuzi za misuli hazitoweki, zinakonda. Pamoja nazo hupungua mitokondria, yaani vile vinu vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Ndiyo maana unaweza kumwona maksai ana umbo zuri kwa mbali, ukamfunga, na baada ya mizunguko mitatu ya shamba ametoa ulimi.

Huku kwetu kuna jambo la pili, nalo ni njaa. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Kufika Agosti nyasi zimebaki mabua, protini imekwisha ndani yake, na ng'ombe anatembea mbali kutafuta kitu kisicho na faida. Mwili hula mafuta kwanza, halafu unaanza kula minofu. Kwa hiyo maksai wa Novemba amepoteza mara mbili: kwa kukosa kazi ya kuvuta na kwa kukosa chakula. Wafugaji wengi husema "amepumzika vizuri". Mimi nasema amekopwa.

Kuna mnyama anayeweza kulala njaa miezi na kuamka na nguvu zake, naye ni dubu mweusi wa Marekani. Watafiti walipima nguvu za misuli ya dubu hao mwanzo na mwisho wa majira ya baridi, siku 130, wakakuta wamepoteza chini ya robo. Ng'ombe hana kipaji hicho.

Habari njema ni kwamba misuli iliyowahi kufanya kazi hurudi upesi kuliko ile inayoanza. Mwaka 2010 Kristian Gundersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oslo walionyesha kwamba panya waliolazimishwa kutumia misuli kwa nguvu waliongeza viini ndani ya nyuzi zao, na misuli ilipokonda tena, viini vile vilibaki. Ni kama mafundi kubaki kijijini hata baada ya nyumba kubomoka. Wapo watafiti wengine wanaobisha kwamba viini hubaki kila mara, na mabishano hayajaisha. Lakini mtu yeyote aliyewahi kushika plau ameona tofauti kati ya maksai wa misimu minne na ndama dume aliyehasiwa mwaka jana. Nikilazimika kupeleka mmoja mnadani Septemba kwa ajili ya chakula cha nyumbani, sipeleki yule mkongwe wa nira eti kwa sababu ana kilo nyingi zaidi.

Hatua ya kwanza: hesabu kurudi nyuma

Usianzie kwenye mvua ukaenda mbele. Anzia kwenye mvua urudi nyuma. Mvua za kupandia kwetu huja mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu wa Novemba hadi Aprili kabla haujaanza, na redio husoma. Usikilize, kisha toa wiki 6. Kwa kawaida utaangukia katikati ya Oktoba. Toa tena wiki 2 kwa ajili ya chakula, unafika mwanzoni mwa Oktoba.

Najua Oktoba ni mwezi gani. Ni mwezi wa vumbi, maji yako mbali, na hakuna mtu anayetaka kuamka saa 11 alfajiri kuswaga ng'ombe bila kulima chochote. Mwaka wa kwanza watoto wa jirani walinifuata wakicheka: baba fulani analima barabara.

Hatua ya pili: mjue mnyama uliye naye leo

Usimpime kwa kumkumbuka alivyokuwa Januari. Mfunge kwenye kivuli, umpapase.

Pitisha kiganja mgongoni, juu ya mifupa midogo inayochomoza pembeni mwa uti, kati ya mbavu ya mwisho na nyonga. Ukiisikia kama vidole vya mkono uliokunjwa ngumi, imefunikwa kidogo, anaweza kuanza mazoezi mepesi. Ukiisikia kali kama meno ya reki, na pande mbili za mkia kuna mashimo, huyo mlishe tu. Kumfanyisha mazoezi mnyama ambaye mwili wake unakula minofu ili aishi ni kumwongezea deni.

Kisha chukua kamba ya katani. Izungushe paja la nyuma katikati, pale panapojaa, ufunge fundo mahali inapokutana. Fanya hivyo kila Jumapili, mguu ule ule, mahali pale pale (mimi nanyoa kialama kidogo cha manyoya). Kamba ya Sultani ninayo bado, ina mafundo 7, na ukiitazama unaona mafundo mawili ya kwanza yamekaribiana mno hata unadhani hakuna kilichotokea. Ni kawaida. Wiki mbili za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu neva zinakumbuka kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Unene unafuata baadaye.

Uzito unaweza kuukisia bila mizani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Maksai mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa 125 anapata kilo 259 hivi. Namba hiyo utaihitaji hapo chini.

Mwisho, kaa ubavuni mwake alfajiri zizini kabla hajasumbuliwa, utazame ubavu unavyopanda na kushuka, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Andika. Usitumie namba ya ng'ombe wa mtu mwingine wala ya kitabuni, tumia yake.

Kwato, kupe na minyoo vishughulikie sasa. Ng'ombe mwenye minyoo anakula mashudu yako na misuli haioni kitu.

Hatua ya tatu: chakula kitangulie kazi

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na siwalaumu, maana ni fedha. Misuli haijengwi kwa mabua ya mtama peke yake. Mabua yanajaza tumbo na yanatoa nguvu kidogo, lakini protini hayana. Mtu anaona tumbo limejaa, anasema ng'ombe kanona. Tumbo na mnofu ni vitu viwili.

Bahati yetu ya kanda ya kati ni alizeti. Kuanzia Singida mpaka Kongwa kuna mashine za kukamua kila mji, na mashudu yake ndiyo protini iliyo karibu nasi kuliko nyingine yoyote. Anza na nusu kilo kwa maksai kwa siku, upandishe taratibu ndani ya siku 10 hadi kilo moja au moja na nusu. Nunua Juni na Julai, wakati wa mavuno ya alizeti, kabla wafuga kuku hawajapandisha bei. Yahifadhi pakavu, mashudu yenye ukungu yatupe, usimjaribishie mnyama.

Kama mashudu hayapatikani, kuna majani ya karanga yaliyokaushwa kivulini, mabaki ya kunde na choroko, na maganda ya migunga ambayo watoto huokota bure Septemba. Maganda hayo yana protini nzuri, ila mbegu zake ngumu hupita nzima tumboni. Yakitwangwa kidogo yanafaa zaidi. Mwenye mlusina karibu na nyumba akate matawi machache kila jioni. Majani mabichi yana kazi nyingine: nyasi zilizokaa juani miezi mitano zimepoteza sehemu kubwa ya vitamini E, ambayo ndiyo inayolinda nyuzi za misuli zisichanike wakati wa kazi ngumu.

Pumba za mahindi zitumie kwa kiasi. Ng'ombe aliyekaa na mabua miezi mingi, ukimmwagia debe la pumba siku moja, tumbo linachacha. Nimeona ng'ombe akifa hivyo, na mwenyewe aliamini amerogwa kwa sababu "alikuwa anakula vizuri".

Chumvi iwepo. Maji lita 30 hadi 40 kwa siku kwa maksai anayefanya kazi, na joto la Novemba likizidi, zaidi ya hapo. Anywe kabla ya kazi na baada ya kupoa.

Hatua ya nne: wiki 6 za kurudi

Saa za kazi ni saa 12 asubuhi hadi saa 3. Jua la Oktoba likishapanda, acha.

Wiki ya kwanza hakuna mzigo. Waswage wawili kwa pamoja, dakika 30 hadi 40, mwendo wa kawaida wa plau, barabara tambarare. Siku tatu za mwisho wavishe nira tupu. Nira tupu ina faida ambayo watu huidharau: ngozi ya shingo nayo imelegea kwa kukaa. Kidonda cha shingo kitamlaza maksai nje ya kazi hata kama misuli yake iko tayari, na nira yenye ukingo mkali ndiyo mchawi. Parua ukingo kwa kipande cha chupa mpaka uwe laini, upake mafuta ya kupikia yaliyotumika.

Wiki ya pili ndipo mzigo unaingia. Natumia tairi kuukuu la lori, kilo 50 hivi, nalifunga kwa mnyororo. Wengine hutumia gogo (wenyeji wangu Wagogo wasiseme nawatania), nalo linafaa, ila tairi haliruki wala kugonga visigino. Tairi likiburutwa juu ya udongo mkavu, nguvu inayotakiwa ni kama nusu ya uzito wake au zaidi kidogo. Kwa maksai wawili, kila mmoja anavuta kama kilo 15. Sasa rudi kwenye uzito uliokisia: ng'ombe anaweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu ya karibu asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Kwa yule wa kilo 259, hiyo ni kilo 26 hadi 31. Tairi tupu basi ni nusu ya uwezo wake, na ndipo pa kuanzia. Dakika 20, mapumziko, dakika 20 tena.

Wafanyishe siku mbili, wapumzishe ya tatu. Misuli iliyoshtushwa huuma zaidi siku ya pili kuliko siku yenyewe; mtu yeyote aliyelima kwa mkono baada ya kukaa mjini anaijua habari hii. Ukimwona maksai asubuhi ananyanyuka kwa kujivuta, miguu ya nyuma migumu, halafu akitembea kidogo analegea, hiyo ni kazi ya juzi. Mpe siku, kisha mrudishe kwa mzigo ule ule. Usiongeze mzigo na muda kwa wiki moja, ongeza kimoja.

Wiki ya tatu weka juu ya tairi mfuko wenye kilo 20 za mchanga. Ya nne mfuko wa pili. Hapo tairi na mchanga ni kilo 90, na jozi yako inavuta karibu kile kitakachotakiwa na plau kwenye kichanga chenye unyevu.

Sasa uwe makini, maana wiki ya tatu na ya nne ndizo za hatari. Ng'ombe amechangamka, anavuta kwa bidii, paja limeanza kujaa, kamba yako ya mafundo inaonyesha. Unashawishika kumpeleka kubeba tofali za jirani kwa mkokoteni, upate hela ya mashudu. Kano na mifupa havijafika bado. Misuli huitika kwa wiki. Kano zinahitaji miezi. Injini imepona, minyororo bado. Maksai wengi wanaochechemea Januari waliharibikia hapo.

Wiki ya tano nawapeleka kwenye mteremko mpole na tairi bila mchanga, wapande na kushuka. Kushuka kunachosha mapafu kidogo lakini kunachana misuli zaidi ya kupanda, kwa sababu nyuzi zinavutwa huku zinajaribu kushika breki. Anayetumia mkokoteni asiruke hatua hii. Safari chache fupi za kushuka zinamkinga mnyama kwa wiki kadhaa dhidi ya maumivu ya safari ndefu.

Wiki ya sita, kama kuna bonde lenye unyevu, ingiza plau kwa kina kidogo, robo saa. Kama hakuna, endelea na tairi na mchanga hadi saa 2 kwa siku pamoja na mapumziko. Usijaribu plau kwenye udongo mkavu ili "kumzoeza". Udongo wa Kongwa ukikauka ulizishinda mashine za Waingereza walioleta Mpango wa Karanga mwaka 1947, seuze Sultani.

Kila baada ya kazi, subiri dakika 20 kivulini, uhesabu pumzi. Zikiwa zimeshuka karibu na zile za alfajiri, kesho endelea. Zikiwa bado mara mbili yake, umezidisha. Rudi nyuma wiki moja.

Dalili za kusimamisha kila kitu

Mnyama anayekaza mapaja au mgongo katikati ya kazi, anatoka jasho au kutetemeka, hataki kusogea, mfungue hapo hapo aliposimama. Usimtembeze mpaka nyumbani. Kila hatua inachana nyuzi nyingine. Mletee maji na kivuli. Misuli ikipasuka humwaga rangi yake nyekundu kwenye damu, figo huichuja, na ndipo mkojo unapokuwa kama kahawa. Figo zinaweza kuharibika kwa hilo. Maji mengi ndiyo msaada wako wa kwanza wakati unampigia daktari wa mifugo.

Lakini tofautisha. Mkojo mwekundu pamoja na homa, fizi na ngozi ya ndani ya kope zimepauka, na kupe wengi, hata kama hajafanya kazi, huenda ni ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na kupe. Huo una dawa yake na haungoji. Uvimbe wa ghafla kwenye paja au bega unaotoa mlio wa kukatakata ukiubonyeza, hasa kwa ng'ombe kijana wa miezi 6 hadi miaka 2, fikiria chambavu. Chambavu huua kwa siku moja au mbili. Inayo chanjo, na aliyekufa nayo haliwi wala hachunwi. Nataja hili kwa sababu nimesikia mtu akilaumu nira kwa ndama ambaye nira hakuwahi kuiona.

Aliyelala asiyeweza kunyanyuka

Oktoba na Novemba za miaka mibaya utaona watu wanne wamemshika ng'ombe mkia na pembe wakimnyanyua kila asubuhi. Wanachosahau ni saa zinazobaki. Ng'ombe mzima wa kilo 250 akilalia mguu mmoja kwenye ardhi ngumu, uzito wake unabana damu isifike kwenye misuli ya paja, na ndani ya saa 6 hadi 12 misuli ile inaanza kufa. Jana alishindwa kusimama kwa sababu ya njaa. Leo anashindwa kwa sababu ya kulala.

Kwa hiyo mtengenezee kitanda kwanza: mchanga laini wa mtoni, kina cha mkono mpaka kifundo, na nyasi juu. Mgeuze ubavu kila saa 3 au 4, usiku pia. Mkalishe kifua chini, si ubavu, maana akilala ubavu tumbo hujaa gesi. Mnyooshe na kumkunja mguu wa juu mara 20 kila unapomgeuza, umkande paja. Mpe maji na chakula mdomoni kidogo kidogo. Akisimama, hata kwa kushikiliwa dakika 5, hiyo ndiyo wiki yake ya kwanza ya mazoezi. Nira aisahau msimu huo.

Punda

Punda wa Dodoma ana mwaka wa kinyume. Kiangazi ndipo anapofanya kazi kuliko wote, kubeba maji, na masika ndipo anapokaa. Kwa hiyo kumrudisha kazini ni Mei au Juni, au baada ya kuzaa, au baada ya kidonda cha mgongo.

Hesabu ni rahisi na watu hawaipendi. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Madumu manne yaliyojaa ni kilo 80. Aliyekaa miezi 3 aanze na madumu mawili yaliyojaa nusu, kwa wiki 2, halafu mawili yaliyojaa, na hapo ndipo mwisho wake. Maji zaidi yanataka safari ya pili au mkokoteni.

Punda haonyeshi maumivu kama ng'ombe. Hasimami kulalamika, anakuwa mkimya, masikio yanaanguka, anaacha kula. Punda aliyeacha kula ni dharura, kwa sababu mwili wake unayeyusha mafuta kwa kasi mpaka damu na ini vinalemewa. Usimfungie njaa eti apungue. Na ukimpa siku ya mapumziko, punguza pumba siku hiyo hiyo. Kule kwenye farasi wa mizigo wa Ulaya ugonjwa wa kukaza misuli ulizoeleka kuitwa wa Jumatatu: Jumapili walikaa na kula nafaka yote, Jumatatu asubuhi walikakamaa kwenye mkokoteni.

Ng'ombe wa bandani

Kondoa walilijua banda kabla yetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Baadaye ng'ombe waliporuhusiwa tena ilikuwa kwa kulishwa bandani. Ardhi ilipona. Ila dume anayefungwa kamba ya mita 2 mwaka mzima, akitolewa kwenda mnadani kwa miguu, hafiki. Kama unafuga hivyo, mtembeze dakika 30 kila siku, na kabla ya safari ndefu mpe wiki 3 za kuongeza mwendo.

Siku ya plau, na mvua ikikuwahi

Siku ya kwanza halisi lima saa 2 tu, ukipumzika mwisho wa kila mifereji michache. Siku ya pili hivyo hivyo. Kufika siku ya sita unaweza kufika saa 4 kwa siku. Udongo ukiwa mzito, funga maksai 4 au punguza kina cha plau. Mtama na uwele vitaota bila mfereji wa goti.

Na mvua ikinyesha Novemba 15 ukiwa bado wiki ya tatu, kama ilivyonitokea mwaka juzi? Nilichagua kipande cha kichanga, nusu ekari, nikafungua mistari ya kupandia tu bila kugeuza udongo wote, kazi ambayo haifiki nusu ya nguvu ya kulima. Kazi ya muda wa saa moja tu asubuhi, kisha maksai wakarudi malishoni. Sehemu ya mbuga, yaani yenye udongo mzito, niliiacha hadi mvua ya pili, siku 12 baadaye, jozi ikiwa imeiva. Nyasi mpya zilipochipua sikukata mashudu. Nyasi zile za mwanzo ni maji matupu, ng'ombe anaharisha na kukonda huku amezungukwa na kijani. Niliendelea na kilo moja kila jioni mpaka wiki ya pili ya Januari, na kila jioni, baada ya kuvua nira, niliwaosha shingo kwa maji ya chumvi, nikapapasa chini ya nundu kutafuta mahali penye joto.